Mbwa mwitu wa kwenye fulana na mbwa mwitu wa Selous

Pale Soko la Karume, kwenye meza ya fulana za mtumba, kijana muuzaji alinikunjulia moja nyeusi yenye sura ya mnyama kifua kizima: macho ya njano, masikio yamesimama, manyoya ya shingoni kama kola ya koti la baridi, na mwezi nyuma ya kichwa. "Chukua hii kaka, mbwa mwitu huyu. Elfu nne tu." Nikamwuliza kwa utani, mbwa mwitu wa wapi? Hakusita hata kidogo. "Si hawahawa wa Serengeti."

Nilicheka, nikalipa, nikadandia daladala. Tulipokwama kwenye taa za Buguruni kicheko kikaanza kuniishia. Mnyama wa kwenye ile fulana hajawahi kukanyaga Serengeti, hilo nina hakika nalo. Ila Serengeti kuna mnyama mwingine ambaye sote tunamwita mbwa mwitu. Na kuna wa tatu, ambaye wataalamu wa vinasaba walimhamishia upande wa mbwa mwitu mwaka 2015 huku sisi tukiendelea kumwita bweha. Yaani yule kijana alikosea na kupatia kwa pumzi moja, na mimi niliyemcheka sikuwa na cha kumcheka.

Fujo yote inaanzia kwenye jina. Mbwa mwitu ni mbwa wa mwituni, basi. Ni maelezo zaidi kuliko jina, kama tunavyosema nguruwe pori. Watu wa huku walilitumia kwa mnyama waliyemwona kwa macho yao: mwembamba, miguu mirefu, masikio ya duara, mwili umejaa mabaka meusi, ya njano na meupe, anawinda kwa kundi. Huyo ndiye mwenye jina hapa kwetu, na ukienda porini leo askari wa wanyamapori akikwambia "jana tumeona mbwa mwitu" anamsema yeye.

Halafu vikaja vitabu. Katika Biblia, manabii wa uongo wanaojivika mavazi ya kondoo ni mbwa mwitu kwa ndani. Katika kisa cha Nabii Yusuf ndani ya Kurani, baba yake anahofia mbwa mwitu asije akamla mwanawe. Visa hivyo ni vya nchi za Mashariki ya Kati, na mnyama anayetajwa ni mwingine kabisa. Watafsiri walihitaji neno, wakachukua lililokuwepo. Zikafuata hadithi za kutafsiriwa za shule ya msingi, zikafuata katuni, na siku hizi status za WhatsApp zenye picha ya mnyama wa theluji na maneno ya kujitutumua chini yake. Hapa Dar jina likashuka daraja zaidi: kabla ya mji kuingiwa na hofu ya Panya Road, kulikuwa na vijana wakabaji walioitwa Mbwa Mwitu. Mama mmoja wa Mbagala akisema siku zile kwamba amekutana na mbwa mwitu, hakuna aliyedhani ametoka mbugani.

Ili tusipotezane, nitawaita kienyeji: yule wa kwenye fulana ni "wa kijivu", na yule wa kwetu ni "wa mabaka".

Wa kijivu, anayeitwa Canis lupus na wataalamu, ni mnyama wa nusu ya kaskazini ya dunia: Kanada, Alaska, Urusi, Mongolia, milima ya Ulaya, India, Uarabuni. Ukisikia orodha ya majina kama mbwa mwitu wa Aktiki, wa Mexico, wa India, wa Arabuni, usidhani ni wanyama tofauti kama simba na chui walivyo tofauti. Wengi wao ni spishi moja iliyogawanyika katika nususpishi, na wataalamu hawajaacha kubishana ziko ngapi. Tofauti kubwa unayoiona kwa macho ni ya ukubwa na rangi, na sehemu kubwa ya siri iko kwenye hali ya hewa. Dume wa Kanada anaweza kupita kilo 50. Wa Arabuni ana kilo 20 hivi, manyoya mafupi na masikio makubwa ya kupunga joto. Ukimkuta usiku kwenye jalala la Kigogo utamdhani koko wa mtaani aliyenenepa kidogo. Yeye na ndugu zake wa jangwani ndio wanaohusika na wale kondoo wa vitabu vitakatifu.

Rangi nazo zinadanganya. "Wa kijivu" anaweza kuwa mweupe pe kule visiwa vya kaskazini ya Kanada, kahawia, au mweusi tii. Hao weusi watu hupenda kuwafanya kabila lao, eti wakali zaidi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba weusi wa Amerika Kaskazini unatokana na kinasaba kilichotoka kwa mbwa wa kufugwa, wa zamani sana, waliozaa nao. Kwa hiyo yule mweusi wa kutisha kwenye mapicha alirithi koti lake kwa mbwa wa mtu.

Na mbwa wa mtu alitoka wapi? Kwao hukohuko. Mbwa wote, kuanzia koko wa Manzese mpaka wale wa Masaki wanaotembezwa kwa kamba, ni wazao wa mbwa mwitu wa kijivu wa zamani, wa ukoo ambao wenyewe umekwisha kutoweka. Walianza kuishi na binadamu si chini ya miaka 15,000 iliyopita, kabla mtu hajafuga mbuzi wala ng'ombe. Wote wana kromosomu 78 na wanaweza kuzaa pamoja. Hili likumbuke, litakuja kutusaidia kwa yule wa mabaka.

Sasa kuna jambo ambalo nimechoka kulisikia, nalo ni habari ya "alfa", yule mbabe anayedaiwa kutawala kundi kwa nguvu. Utamkuta kijana ana gari la mkopo na miwani ya giza, anajiita dume alfa, picha ya mbwa mwitu juu. Wazo hilo lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1947 mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu aliowaangalia kwenye bustani ya wanyama ya Basel. Walikuwa wamefungiwa pamoja mahali padogo, na wakawa wanagombana kutafuta nani mkubwa. Mmarekani David Mech akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970, likasambaa dunia nzima. Kisha Mech huyohuyo akaenda kukaa miaka mingi ya kiangazi na mbwa mwitu huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, akaona kitu kingine. Kundi ni familia. Wale wawili wanaoongoza ni baba na mama, na wanaofuata ni watoto wao wa mwaka huu na wa miaka iliyopita. Baba haongozi kwa sababu alimpiga mtu. Anaongoza kwa sababu wengine wote amewazaa. Mwaka 1999 aliandika kulirekebisha, na aliomba mchapishaji aache kuchapa kile kitabu cha zamani. Wanaume wa mitandaoni hawakupata barua hiyo.

Familia hiyo kwa kawaida ina wanyama watano mpaka wanane, ingawa yako makundi makubwa zaidi. Mama hubeba mimba siku 63 hivi, sawa na mbwa wa nyumbani, na huzaa watoto wanne mpaka sita, vipofu, shimoni. Wakubwa wakirudi kutoka mawindoni hutapika nyama kwa ajili ya wadogo. Kijana akifika mwaka mmoja au miwili huondoka kwenda kutafuta mwenzake na eneo, na anaweza kutembea mamia ya kilomita. Kuhusu kulia usiku: hawaulilii mwezi. Wanaitana, na wanawatangazia majirani kwamba hapa pana wenyewe. Mwezi upo kwenye fulana kwa sababu mchoraji alitaka mwanga.

Marekani na Kanada kuna wengine wawili wa kuwataja haraka. Mbwa mwitu mwekundu alitangazwa mwaka 1980 kwamba ametoweka porini, akarudishwa North Carolina kuanzia 1987 kwa wanyama waliozalishwa kizimbani, na hadi leo walioko huru ni wachache kiasi cha kuhesabika mmojammoja. Wa pili ni wa mashariki, wa misitu ya Ontario. Wote wawili wamechanganyika damu na koyote, ndugu yao mdogo wa hukohuko Amerika, na mabishano kama ni spishi kamili au la yanaendelea.

Wako pia waliobandikwa jina bila kuwa na ukoo. Yule anayeitwa mbwa mwitu wa Tasmania alikuwa na mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu. Yule wa nyika za Amerika Kusini mwenye miguu kama ngazi yuko kwenye familia ya mbwa, lakini tawi la mbali. Na sisi tunaye mmoja: yule tunayemwita fisi mdogo, mla mchwa wa usiku, majina yake ya Kizungu yamemtia kwenye umbwa mwitu wakati ni wa ukoo wa fisi. Kwa mara moja Kiswahili kimewashinda. Aprili 2025 zilizagaa video za watoto watatu weupe, ikisemwa kwamba kampuni ya Colossal Biosciences ya Marekani imemfufua mbwa mwitu mkubwa aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Walichofanya ni kuchukua seli za wa kijivu na kubadilisha sehemu 20 kwenye vinasaba vyake. Kazi kubwa, sikatai. Lakini uchunguzi wa mwaka 2021 ulikwisha kuonyesha kwamba yule wa kale alikuwa ametengana na hawa wa kijivu mamilioni ya miaka nyuma, na mabadiliko 20 hayajazi pengo hilo.

Turudi nyumbani, kwa wa mabaka.

Jina lake la kitaalamu ni Lycaon pictus, na pictus ni Kilatini cha "aliyepakwa rangi". Yumo kwenye familia ya mbwa ila si wa jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, ya mbwa na mbwa mwitu wa kijivu. Ukipata nafasi ya kumtazama vizuri, hesabu vidole. Mbwa wako wa nyumbani, sawa na yule wa kijivu, ana vidole vitano miguu ya mbele, kimoja kikiwa juu kidogo kama gumba lililochelewa. Wa mabaka ana vinne tu, mbele na nyuma. Hawezi kuzaa na mbwa wala na mbwa mwitu wa kijivu. Hata mabaka yake hayafanani kwa wawili. Watafiti huwatambua mmojammoja kwa picha za ubavuni, kama sisi tunavyotambuana kwa sura.

Kwa mtu wa Dar huyu ni jirani. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na kupewa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, pamoja na Selous iliyobaki, ni moja ya ngome kubwa alizobakiza Afrika. Ruaha ni nyingine. Kwa bara zima, makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi ni wanyama 6,600 hivi, na katika hao wakubwa wanaohesabiwa kuwa wa kuzaa ni 1,400 tu. Sababu ya wachache wao kuzaa ni kwamba kwenye kundi jike mmoja na dume mmoja ndio wenye kazi hiyo kwa kawaida. Wengine ni mashangazi na wajomba wa kulea. Jike huyo anaweza kuzaa kumi kwa mkupuo mmoja. Mnyama akishaangushwa, wadogo hula kwanza na wakubwa husubiri, jambo ambalo simba hajawahi kulifikiria.

Lililonifurahisha kuliko yote ni chafya. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa Botswana walichapisha walichokiona kabla ya kundi kuondoka kwenda kuwinda. Wanyama huamka, huzungukana, husuguana pua, halafu huanza kupiga chafya. Kadiri chafya zinavyozidi, ndivyo kundi linavyoelekea kuondoka kweli. Aliyeanzisha safari akiwa mkubwa wa kundi, chafya tatu hivi zinatosha. Akiwa mdogo asiye na cheo, zinahitajika kama kumi. Kwa hiyo hata mdogo anaweza kuwaondoa watu kitini, ila afanye kampeni kwanza.

Serengeti walitoweka mwaka 1991. Sababu zimebishaniwa sana, na kichaa cha mbwa kimo kwenye orodha. Kuanzia 2012 makundi yaliyokuwa yakiishi jirani ya hifadhi, ambako yaligombana na wafugaji, yalianza kukamatwa na kuachiwa ndani. Serengeti hiyohiyo, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ambao ni wa mbwa uliua kama theluthi moja ya simba. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vya kuzunguka hifadhi wakaanza kupigwa chanjo kwa mpango. Unaona jinsi koko asiye na mwenyewe anavyoweza kumfikia mfalme wa nyika bila kumwuma.

Hatari hiyohiyo ndiyo inayomkaba mbwa mwitu wa Ethiopia, na huyu ni mbwa mwitu kwelikweli, wa jenasi moja na wa kijivu, ingawa kwa rangi yake nyekundu na pua ndefu ungedhani mbweha. Anaishi juu ya milima ya Ethiopia, hasa zaidi ya mita 3,000, na wakubwa waliobaki hawafiki 500. Zaidi ya nusu wako milima ya Bale. Wanaishi kwa makundi lakini kila mmoja huwinda peke yake, kwa sababu chakula chao ni panya na fuko, na panya hagawanywi. Katika nyanda za Guassa wameonekana wakitembea katikati ya makundi ya nyani aina ya gelada bila kuwagusa watoto wao. Nyani wanachimbua majani, panya wanachanganyikiwa, mbwa mwitu anaokota. Akiwa na gelada alifanikiwa mara 67 katika kila majaribio 100. Akiwa peke yake, 25. Mwaka 2024 ikaongezeka habari kwamba wanaendea maua marefu mekundu ya milimani na kulamba nekta yake, maji matamu ya ndani ya ua, wakitoka na chavua puani kama nyuki. Kichaa cha mbwa kinachopandishwa huko na mbwa wa wachungaji kimewapiga Bale zaidi ya mara moja.

Ndipo tunafika kwa wa tatu wa Serengeti, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Tanzania tulizoea kuhesabu bweha watatu. Yuko mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na fedha kama tandiko. Yuko wa miraba, mwenye mstari ubavuni na ncha ya mkia nyeupe, mpenda vichaka. Na yuko wa rangi ya mchanga na dhahabu, wa nyasi fupi za Serengeti na Ngorongoro. Huyo wa dhahabu alidhaniwa ni yuleyule bweha wa India na Ulaya ya kusini mashariki, kwa sababu wanafanana kama mapacha. Mwaka 2015 wachunguzi walilinganisha vinasaba vyao vingi kwa pamoja, wakakuta wametengana kwa zaidi ya miaka milioni moja, na kwamba wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na huyo pacha wake. Siku hizi anaitwa Canis lupaster, mbwa mwitu wa Afrika. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2018 ukapendekeza kwamba ukoo wake ni mchanganyiko: karibu robo tatu wa kijivu, iliyobaki wa Ethiopia. Anaenea kuanzia Senegali na Misri mpaka kaskazini ya Tanzania, na hapo ndipo mwisho wake wa kusini.

Kwa nini alijificha miaka yote hiyo mbele ya macho ya watalii? Mwili. Ana kilo 7 mpaka 15, anaishi wawiliwawili na watoto wao, anakula panya, wadudu, watoto wa swala, na mabaki ya simba. Kazi ya bweha ikafanya mwili wa bweha, iwe ukoo ni upi. Waongozaji wengi wa utalii bado wanasema bweha, na sioni kosa, maana jina la mtaani halibadiliki kwa sababu maabara imetoa majibu. Ila hesabu imebadilika: bweha wetu wa kweli sasa ni wawili, na mbwa mwitu wa ukoo wa yule wa kwenye fulana tunaye mmoja, tena Serengeti, kama nilivyoambiwa kwa elfu nne.

Jumamosi iliyofuata nilipita Karume kumpa kijana haki yake. Nikamwambia, mdogo wangu, nilikucheka juzi, kumbe Serengeti wapo kweli. Akatabasamu kwa ushindi. Nikafungua simu, nikamwonyesha picha ya yule wa dhahabu, amesimama kwenye nyasi za Ngorongoro, mkia chini, anasubiri simba washibe. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akamtazama miguu, akamtazama masikio, akanirudishia simu.

"Kaka, huyu si bweha huyu? Acha utani bwana. Nina fulana ya tai hapa, unachukua?"